Skrini Iliyoninyang'anya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Wameiwasha. Skrini ya matangazo, ng'ambo ya barabara, kubwa kuliko paa la nyumba yangu, inatazamana na mlango wa saluni yangu uso kwa uso. Godoro, sabuni, simu, godoro tena. Haina sauti lakini inapiga kelele!

Mteja wa kwanza, mwalimu, aligeuka ghafla kutazama sabuni. Mashine ikapita ilikopita. Sasa ana njia ya miguu juu ya sikio. Nikamwambia ndio mtindo mpya. Akauliza wa wapi. Nikasema wa hapa hapa.

Hilo si kitu. Tatizo ni baba mkwe. Mzee huja Jumatatu kupunguza ndevu, Jumamosi kunyoa kichwa. Binti yake nilimposa Mzee akiwa kwenye kiti hiki hiki, povu mdomoni, asiweze kukataa. Ni msikilizaji wangu namba moja. Leo nimemwanzia kisa cha mbuzi aliyeingia saluni. Akanyoosha kidole dirishani, akasema, "Lile godoro halibonyei, mkwe." Basi. Neno lingine hakuna mpaka akaondoka.

Nimeumia. Jumamosi anarudi. Nisipoishinda skrini kufikia hapo, nimempoteza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegeuza kiti. Mteja sasa anaipa barabara mgongo. Akili hii, ningesomeshwa ningefika mbali!

Baadaye. Nilisahau kioo. Skrini yote imo ndani ya kioo, herufi zimegeuka, na wateja wanakaza shingo kuzisoma kinyumenyume. Jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alichungulia akaniuliza kama nimefungua shule ya watu wazima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunika kioo kwa shuka. La mke wangu, lile la maua. Skrini hakuna! Wateja pia hakuna. Kila anayeingia anauliza kinyozi anaficha kioo kwa sababu gani. Mwalimu alipita, akawaonyesha sikio lake. Fundi cherehani akasema na yeye angekuwa mimi angeficha.

Mke wangu kaja, kachukua shuka, kaondoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Dawa imepatikana! Fundi anayeihudumia skrini ana nywele mpaka mabegani. Nikamwita, nikamnyoa bure, nikamsifia umbo la kichwa, ambalo kwa kweli si la kusifiwa. Nikamwomba kesho, Mzee akishakaa, nikipunga taulo, aizime kidogo tu. Akasema, "Hilo dogo, kaka." Watu wa maana bado wapo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee kaketi. Nikaanza upande wa kushoto. Nikatoka mlangoni, nikapunga taulo. Skrini ikazimika. Raha iliyoje!

Taa yangu nayo ikazimika. Mashine ikanyamaza mkononi. Yule bwana alikuwa amezima swichi ya jengo letu na ya wenzetu wote.

Mzee, nusu kipara, nusu kichaka. Mkasi wangu una kutu. Hatujaonana tangu ninunue mashine. Kwa jirani, cherehani ya miguu ikaendelea kushona, na mwenyewe akaendelea kucheka. Lakini nikawaza: kwa kichwa kile, Mzee haendi popote. Nikavuta kigoda. Nikaanza kisa cha mbuzi.

Mzee akakimalizia. Neno kwa neno, pamoja na pale ninaposimama kujichekea. Halafu akanishika goti, akasema polepole, "Mwanangu, mimi huja hapa kukaa na wewe. Ile skrini inarudia mambo, sawa na wewe. Ila haijaniuliza hata mara moja kama naisikiliza." Akasema na yeye ana kisa chake, amekibeba tangu siku ya harusi yetu, anangoja ninyamaze kidogo tu.

Nilitaka kumwuliza ni kisa gani. Ila hapo hapo nikakumbuka kingine changu.

Nilipofika katikati, fundi cherehani aliingia na mkasi wake wa vitambaa, akamalizia upande wa kulia. Mzee akamsimulia yeye kile kisa chake. Walicheka mpaka wakafutana machozi kwa taulo langu. Mimi nilikuwa nje, namtafuta fundi wa swichi.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu ameniuliza kama nimeelewa alichoniambia baba yake. Nimemwambia nimeelewa vizuri sana, na kimenigusa.

Mzee masikio yanamsumbua, maskini, na anaona haya kusema. Ndiyo maana anapenda vitu vya kutazama.

Kwa hiyo nimemwendea muuza dawa ya panya anayetangaza mitaani, nimeazima kipaza sauti chake. Nimekijaribu sebuleni. Safi kabisa! Majirani wote wametoka nje kusikiliza. Mke wangu kajitanda khanga, katoka mbio kwenda kwa baba yake. Nadhani ameshindwa kungoja kesho ampe habari njema.