Kamera ya Kujifurahisha Tu

Jumatatu, 3 Machi
Daftari langu, niwie radhi. Nimekutupa tangu mtoto aanze kutambaa. Mikono ninayo miwili tu, na yote inashinda ikimnyang'anya vitu.

Leo kavuta mkanda wa kamera mezani. Nimeidaka hewani! Kamera hii ndiyo inayotulisha tangu Baba Mtoto asimamishwe kiwandani. Ikivunjika, tumekwisha.

Wifi kapita jioni. Kasema yake ameikatia bima, analipa kidogo, hata hausikii. Wifi! Ambaye mpaka leo hupiga picha bila kutoa kifuniko cha lenzi! Nimetabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga simu kwenye bima. Kumbe ziko mbili. Ya kamera ya kazi, bei inakata pumzi. Ya kamera ya kujifurahisha, robo yake. Nikauliza, kwani kamera si ileile? Dada wa kule akasema ya kazi hutembea sana, hukutana na watu. Ajabu. Hata ikikaa nyumbani inakutana na mwanangu, ambaye ni hatari kuliko harusi nzima. Hilo sikulisema. Nikasema mimi namfotoa mtoto wangu tu, kwa mapenzi. Akasema vizuri, mkaguzi atakuja Ijumaa aone vifaa na picha chache za huyo mtoto.

Mpango umenyooka!

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umepinda. Nimepekua kila mahali. Maharusi ninao. Wahitimu ninao. Vichanga vya watu vimelala vikapuni, ninavyo. Mwanangu? Picha moja, na hapo nilimkalisha kitini nipime mwanga kabla mteja hajaja. Nimekaa sakafuni nikamtazama. Ana kishimo kwenye shavu la kushoto. Tangu lini?

Nimempiga picha mchana kutwa. Akitafuna kitambaa. Akimpanda baba yake. Kalia, nimepiga. Nami nimelia kidogo. Mwanga ulikuwa mzuri. Baba Mtoto kauliza huyu mteja analipiwa na nani. Nimemwambia anyamaze, ashike pazia.

Jioni nimeficha taa, stendi na bango la biashara la mlangoni chini ya kitanda. Mtoto kavitoa. Nimevirudisha. Kavitoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kaja. Mzee mpole, kavua viatu bila kuambiwa. Katazama picha mojamoja. Kisha akasema mama, wewe una jicho, hilo shavu umelipataje na mwanga huo? Nikaeleza! Baba Mtoto ananikanyaga mguu, mimi naendelea.

Akasema binti yake anaolewa mwezi ujao na mpiga picha wamekosa. Mtu kama mimi, angekuwa anafanya kazi hii, angetaka kiasi gani?

Nikamuuliza siku nzima au nusu. Na albamu au bila. Nikamwambia kianzio hakirudishwi. Wakati huohuo bango likatokeza uvunguni, mtoto analisukuma kwa kichwa. Nikamwonyesha namba ya simu palepale.

Akalisoma bango lote.

Akavaa viatu. Akasema kwa huruma kwamba ya kujifurahisha haitawezekana, ila ya kazi nikaribie wakati wowote. Mlangoni akageuka: kianzio alete lini?

Jumatatu, 10 Machi
Kianzio kimefika. Kinatosha bima ya kazi mwaka mzima. Baba Mtoto kasema basi, kata, tulale usingizi. Maneno ya busara. Nimeyafikiria njia nzima kwenda dukani kununua lenzi mpya. Harusi ya mtu wa bima haipigwi na lenzi yenye mkwaruzo!

Sasa lenzi nayo inataka bima. Nimejiuliza, kosa la Ijumaa lilikuwa wapi hasa? Si mpango. Ni mimi, naijua kazi mno. Anatakiwa mtu asiyejua kitu. Mama yangu mzazi! Akate yeye ile ya kujifurahisha, na ofisi za bima ziko nyingi. Nimempigia, kacheka mpaka kakohoa, kauliza yeye atapata nini. Picha za mjukuu, nikamwambia, gunia zima. Kakubali.

Bado anitumie:
Nakala ya kitambulisho, mbele na nyuma.
Picha mbili ndogo, asinune.
Picha moja kubwa ameshika kamera ya jirani. Irudiwe. Kwenye ile ya kwanza ameikumbatia kama kuku.
Barua ya kusema anapenda kufotoa maua.
Maua yenyewe, niyapige mimi.
Na yeye mwenyewe aje, kabla mkaguzi mwingine hajafika Alhamisi, nimfundishe kuiwasha kamera. Asijue zaidi ya hapo.