Shaba ya Babu Halvor

Jumatano, 8 Juni 2011. Upepo.

Naahidi kuandika yote humu, hata yanayoniaibisha, ingawa sitarajii kwamba yatakuwa mengi. Mwalimu wetu, Bi. Amdahl, alitufundisha kuwa shajara isiyosema kweli ni karatasi iliyoharibiwa. Basi kweli ni hii. Naitwa Signe Torvik, nina miaka kumi na mitatu, na kitu ninachokitaka kuliko vyote katika Montana nzima ni bunduki ndogo ya Babu Halvor.

Ni nakala ya zile bunduki za wachunga ng'ombe wa zamani, ila imetengenezwa kwa ajili ya risasi ndogo kabisa. Chini yake kuna mkono wa chuma. Unaushusha, unaupandisha, risasi inaingia. Mlio wake ni kama mlango wa kabati zuri unapofungwa. Kiwanda kilizitengeneza miaka minne tu, kikaacha. Pande hizi tunaijua moja, na ni yetu. Yaani ya Babu.

Macho ya Babu yameanza kuingia ukungu. Jumapili alisema mwaka huu hatashindana kwenye klabu. Mjukuu atakayeipiga vizuri zaidi siku ya mashindano, tarehe 25, bunduki itakuwa yake. Nilimshukuru Mungu papo hapo, kwa kuwa mjukuu anayelenga shabaha ni mimi peke yangu.

Leo amefika Linnea.

Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, kutoka Fargo. Atakaa kwa Babu mpaka shule zifunguliwe, kwa sababu mama yake anasomea uuguzi. Umri wetu mmoja. Bunduki hajawahi kuishika. Babu akasema haya, basi mtashindana wawili. Linnea akajibu sawa, Babu, akaomba kipande cha pili cha pai. Akapewa. Mimi nilikuwa bado sijapewa cha kwanza.

Sina wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Alhamisi, 9 Juni. Jua.

Mpango wa kwanza. Babu aone kwa macho yake ni nani anayeijali bunduki.

Nilimwomba niifute vumbi. Alihakikisha mara mbili kuwa haina risasi, akanipa kitambaa chenye mafuta, akatoka kumtazama ndama anayeharisha. Kitambaa nilikiweka kando. Nilikuwa nimebeba chupa ya Mama, ile dawa anayong'arishia vinara vya kanisa. Ubavu wa bunduki ni wa shaba, na shaba yenyewe ilikuwa imefubaa ikawa kahawia kama asali ya mwaka juzi. Nilisugua saa nzima. Iliwaka kama madhabahu ya Krismasi.

Babu aliporudi aliketi kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, ile dawa nimeitoa wapi. Akanieleza kwamba wenye bunduki hizi hawaing'arishi shaba kamwe. Ule ukahawia ndio umri wake. Yeye ameulea miaka ishirini na sita kwa kiganja chake, na kabla marehemu Bibi hajaugua, kwa kiganja cha Bibi pia. Akasema sasa inafanana na bomba la bafu la hoteli.

Linnea akasema yeye anaona inapendeza. Babu akamwambia ana moyo mzuri. Moyo wa mtu aliyesugua saa nzima haukutajwa.

Jumamosi, 11 Juni. Jua kali, bahati mbaya.

Mazoezi ya kwanza klabuni. Tunapiga wanyama wadogo wa chuma waliosimamishwa juu ya reli: kuku karibu, nguruwe nyuma yao, kisha bata mzinga, na kondoo dume mbali kabisa. Unaanza kushoto kwenda kulia, kila mtu wanyama wake. Mnyama akianguka ni wako. Akisimama, anakutazama.

Nilianza mimi. Jua likagonga ile shaba yangu na kunirudia jichoni. Risasi tano, kuku watano, wote wakanitazama. Bwana Eide, msimamizi wa uwanja, aliuliza kama nawawinda au nawapungia mkono.

Ikaja zamu ya Linnea. Jua lilimpiga vilevile. Lakini yeye hakufyatua. Aliishusha bunduki, akamuuliza Babu wazee walikuwa wakifanya nini jua likiwachoma. Babu akatabasamu mpaka meno ya pembeni yakaonekana. Akatoa mshumaa mfukoni, akauwasha, akapitisha moshi juu ya shaba na vilengeo hadi vikawa vyeusi kwa masizi. Akasema amengoja miaka kumi mtoto mmoja amuulize swali hilo.

Mimi nimekuwa mjukuu wake miaka yote kumi hiyo. Hakuna aliyeniambia kuna swali.

Linnea aliangusha kuku watatu.

Jumanne, 14 Juni. Mawingu.

Mpango wa pili. Sijivunii, lakini niliahidi kuandika yote.

Kila mtu hapa anajua kwamba bunduki ya risasi ndogo haifyatuliwi tupu. Pini yake hugonga ukingo wa risasi. Pasipo risasi hugonga chuma kitupu, na baada ya muda pini inavunjika au chuma kinabonyea. Na kwa bunduki ambayo haitengenezwi tena, pini ya akiba unaitafuta kama jino la kuku. Kila mtu anajua, isipokuwa mtu wa Fargo.

Nilimwambia Linnea kwamba wapigaji wazuri hufyatua bunduki tupu mara mia kwa siku, ili kidole kizoee. Aombe tu kuifuta vumbi, na asimsumbue Babu kwa maswali. Nilitumaini Babu angeusikia ule mlio mara moja, amnyang'anye, na mambo yaishe. Mlio mmoja tu. Linnea alinishukuru. Akaniambia alikuwa akiogopa kwamba simpendi.

Nilienda kulala kabla jua halijazama.

Jumatano, 15 Juni. Mvua.

Nimekuwa nikihesabu mapigo ya ile pini kichwani tangu alfajiri. Mia moja. Mia mbili. Baada ya chai nilishindwa kuvumilia, nikachukua baiskeli, maili tatu kwenye matope mpaka kwa Babu. Nilianguka mara mbili. Nilikuwa nimeazimia kukiri.

Nilipofungua mlango wa jikoni nilisikia: tik. Linnea yuko mezani, bunduki begani, analenga kalenda ukutani. Babu yuko kando yake anamenya viazi na kuhesabu kwa sauti. Sitini na nne.

Kumbe Linnea alimuuliza. Linnea huuliza kila kitu. Babu akaenda ghalani akarudi na vile vidude vya plastiki vya njano ambavyo watu hupachika ukutani kushika skrubu. Kimoja kinaingia mahali pa risasi barabara kabisa. Pini inagonga plastiki, chuma kinapona. Babu aliniambia wazo langu lilikuwa zuri, ila nilisahau kumtajia mwenzangu vidude. Kisha akanisifu mbele yake. Akasema hivyo ndivyo ndugu hufanya, kumfundisha hata unayeshindana naye.

Nilikuwa nadondosha maji ya matope sakafuni. Sikukiri. Ingemharibia Babu furaha.

Sitini na tano, akasema.

Jumapili, 19 Juni. Joto.

Linnea sasa anafyatua mara mia asubuhi na mia jioni. Nilimwomba Babu nami nipewe vidude. Akasema nichukue, viko tele. Lakini bunduki ni moja, na iko nyumbani kwake, na nyumbani kwake yuko nani? Mimi nafanya mazoezi na ufagio. Mama ameuliza kama niko mzima.

Jumamosi, 25 Juni. Kweupe, upepo kidogo.

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Tulipiga kwa zamu na bunduki hiyohiyo, wanyama ishirini kila mmoja. Linnea alitangulia. Kumi na mmoja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaingia zamu ya pili. Kulia kwangu alisimama Bibi Dagny Rusk, mama mzee kutoka ng'ambo ya mto.

Sijawahi kupiga hivyo maishani. Nilipaka masizi mwenyewe. Ule ufagio ulinisaidia, amini usiamini. Nilipofika kwa kondoo wa mwisho nilikuwa na kumi na mmoja. Mmoja tu zaidi, na bunduki yangu.

Ndipo nikasikia Babu anacheka nyuma yangu. Niligeuka. Nusu sekunde. Alikuwa amemkatia Linnea mkate wa viazi, ule mwembamba wenye siagi na sukari, na anamnong'oneza kitu. Kwangu hajawahi kunong'ona kitu.

Nikarudi kwenye shabaha, nikavuta pumzi, nikafyatua. Kondoo alianguka vizuri ajabu, kifudifudi, kama aliyesukumwa.

Bwana Eide akasema: “Kondoo mzuri huyo, Signe. Ila si wako.”

Nilikuwa nimempiga wa Bibi Dagny. Kwa kanuni zetu hiyo ni kukosa. Wangu alikuwa bado amesimama, ananitazama. Bibi Dagny akasema, “Asante, mwanangu, huyo alikuwa ananisumbua tangu asubuhi.” Uwanja mzima ukacheka. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

Babu amesema ataamua kesho baada ya kanisa.

Jumapili, 26 Juni. Sikuangalia hali ya hewa.

Kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada, Linnea alizungumza kabla ya Babu. Alisema bunduki apewe Signe. Signe ndiye aliyemfundisha kufyatua mara mia, Signe ndiye aliyeisugua saa nzima, na Signe anaipenda mpaka anaumwa. Yeye anaipenda tu. Babu akasema naye alikuwa amefikia hapohapo. Itakaa kabatini mwake, ufunguo mfukoni mwake, mpaka nitimize miaka kumi na minane. Lakini ni yangu. Sharti moja: mafuta tu. Ile chupa ya Mama isiisogelee tena.

Nililia. Nilimkumbatia Linnea kwa dhati kabisa. Nilifurahi kwa muda wa dakika arobaini, nimezipima.

Kisha akaja Bibi Dagny, kabeba mkoba mrefu wa ngozi. Ndani mlikuwa na dada wa bunduki yangu. Kiwanda kilekile, ila mtutu wake ni mrefu, wa aina iliyotengenezwa mwaka wa kwanza pekee. Na shaba yake haijaguswa. Kahawia, nzito, kama asali ya zamani za babu zetu. Wazee wote waliacha vikombe vyao wakaizunguka. Yangu hawajawahi kuizunguka.

Bibi Dagny alisema mikono yake imeanza kutetemeka, na amempenda yule mtoto mtulivu wa Fargo. Angependa aipige kiangazi hiki chote, na baadaye wataona.

Linnea akasema sawa, Bibi, asante.

Jumatatu, 27 Juni. Jua.

Si wivu. Ni usawa tu. Kama yangu inawaka, haiwezekani yake ibaki kahawia. Babu alinikataza kuisogezea chupa yangu. Ya Bibi Dagny hakuitaja. Nanakili hapa barua niliyoituma leo, kwa kuwa niliahidi yote.

“Mpendwa Bibi Dagny,

Natumaini u mzima. Samahani kwa yule kondoo. Nimeiona bunduki yako, na nimesikitika kuona shaba yake imefubaa sana. Mimi nina uzoefu wa kazi hiyo. Naweza kuja Alhamisi mchana, Linnea atakapokuwa darasa la kuogelea, ili awe na furaha ya kushtukizwa. Tafadhali nijibu kwa posta ya kurudi: je, dawa ya kung'arishia unayo, au nije na chupa ya Mama?”