Gia Niliyoipaka Rangi ya Fedha

Jumamosi, 15 Machi 2025

Aibu. Tumekula kwa mama mkwe, Mama Nabalayo, kule Moi's Bridge. Firigisi ya kuku, kipande cha heshima, akapewa Brian. Mimi shingo! Na ni mimi niliyemwoa Nekesa, binti mkubwa. Brian amemwoa Marion, mdogo wa Nekesa, juzi juzi tu. Lakini Brian ana trekta mpya. Nimetafuna ile shingo nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Trekta kuukuu ya marehemu baba mkwe imekufa. Mvua iko karibu na shamba halijalimwa. Mama mkwe hawezi kuniambia mwenyewe. Kwao mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawashikani mikono, hata kutazamana ni mwiko. Akamtuma Nekesa aniulize kama najua fundi. Brian akadakia kwamba atalima yeye, bure. Nikaropoka kwamba fundi ni mimi.

Nekesa akaniangalia. Mimi huuza mapazia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungua injini. Kumbe shida ni taimingi gia, yale magurudumu ya meno yanayoamua vavu zifunguke lini na dizeli ipigwe lini. Moja imeliwa meno yote, imebaki na fizi.

Nikarudi Eldoret, kwa Bilal wa spea. Akasema hizo huuzwa seti nzima. Akasema pia nisisahau kulinganisha alama, zile nukta zilizogongwa kwenye gia. Nikamuuliza anafikiri anafundisha nani. Halafu nikazunguka nyuma kwa watu wa vyuma chakavu, nikapata moja iliyochoka kidogo tu. Meno yatajazwa kwa welding. Kisha nitazipulizia zote rangi ya fedha, watu waone zinang'aa waseme ni mpya. Akili!

Jumatano, 19 Machi

Meno yamejazwa, nimeyasaga kwa grainda, nimepiga rangi mara tatu. Zinameremeta kama sufuria za harusi. Nikampigia Brian picha nikamtumia. Akajibu kwa kuuliza alama ziko wapi. Wivu huo!

Nikaenda kuangalia. Ai! Alama hakuna. Kwingine zimezikwa na rangi, kwingine zimeliwa na grainda. Niliona haya, na nilikuwa peke yangu.

Ningekwangua rangi, lakini urembo wote ungeharibika. Nitazipanga kwa macho. Mtu anayeweza kulinganisha mikunjo ya pazia atashindwa na magurudumu matatu?

Nekesa amesema mama yake amemkatalia Brian kwa sababu ya neno langu. Brian naye amechukua kazi Kaptagat. Kwa hivyo nikishindwa, mama hapandi mahindi kwa wakati, na hayo ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Nekesa akaniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia asilimia mia.

Jumamosi, 22 Machi

Wueh. Sijui niandike nini. Naandika tu.

Watu walijaa boma zima. Brian pia, mikono mfukoni. Nikapiga stata. Injini ikarusha teke, ikasita, ikawaka. Ikawaka! Majirani wakapiga makofi. Moshi ulikuwa unatokea pale pa kuvutia hewa badala ya ekzosi, nikaona labda ndiyo tabia ya gia mpya. Brian akapiga kelele nizime. Wivu tena. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikawapungia mkono.

Trekta ikarudi nyuma. Kwa zile gia nilizopanga kwa macho, injini ilikuwa inazunguka kinyumenyume! Nikatia ya pili ili iende mbele. Ikarudi nyuma kwa kasi zaidi. Na nyuma kulikuwa na jiko.

Ukuta wa mabati ukalala chini. Mama Nabalayo alikuwa ndani, akinitazama kupitia tundu la msumari ili tusionane. Tukaonana. Uso kwa uso, mimi juu ya trekta, yeye na mwiko mkononi. Hakuumia, Mungu ni mkubwa. Sufuria ya kuku ilimwagika. Nekesa aliniambia baadaye kwamba firigisi ilikuwa imetengwa, na ilikuwa yangu. Mbwa ameila.

Mama mkwe akaniamuru nishuke. Tangu harusi hajawahi kuniambia neno. Nikashuka, nikajificha nyuma ya gurudumu, nikalia kidogo. Watoto waliniona.

Jumanne, 25 Machi

Wazee wa boma wameamua nipeleke blanketi na kondoo ili tusafishe kule kuonana. Mvua imeanza. Brian aliahirisha kazi yake akamlimia mama shamba lote kwenye matope, na hakunisema hata kidogo, jambo lililonichoma zaidi. Nekesa ananijibu kwa kichwa tu. Hapa kwetu Kapsoya, Eldoret, natembea nikiangalia viatu. Nimeapa sitashika spana tena maisha yangu yote.

Ila nimefikiria. Mama mkwe ameongea na mimi, moja kwa moja, mbele ya watu. Brian hajawahi kupata heshima hiyo.

Halafu Brian akiwa njiani kwenda Kaptagat ameegesha trekta yake hapa kwangu mpaka kesho. Wakati anaingia nimesikia kasauti fulani kwenye injini. Maskini, hajui. Na amekuwa mwema kwetu, lazima nimrudishie wema. Rangi imebaki nusu mkebe.