Malalamiko Dhidi ya Dada Yin, Anayetutoa Nje Kwenye Baridi

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mtaa wetu, Mudanjiang.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu ikiwa juu ya hita, mahali ambapo miguu ya mstaafu inastahili kuwa. Yangu haipo hapo. Mimi Luan Chengye, mjane, mstaafu wa kutia makaa kwenye treni, naleta mbele yako malalamiko dhidi ya Dada Yin Shuqin wa ghorofa ya pili.

Tangu mto ulipoganda, Dada Yin hunigongea mlango kila asubuhi ili niende kwenye mazoezi ya wazee anayoyaongoza nje. "Mzee Luan, toka! Umeumuka humo ndani kama andazi la mvuke!" Nikatoka, kwa heshima tu. Yaliyonipata ni haya:

1. Alinivua koti. Mbele ya watu! Koti langu la pamba la kijeshi, zito kama ndama. "Unakuja mazoezini au unahamia Siberia?" akauliza. Eti pamba ikilowa jasho inamgandisha mtu, kwa hiyo nivae nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, ya nje ikinge upepo. Tena nianze nikihisi baridi kidogo! Ndugu Mwenyekiti, nani hulipia nguo ili ahisi baridi?

2. Haturuhusiwi kutoka kabla ya kupasha viungo joto ngazini. Wakazi wanapita na kabichi zao, sisi tunazungusha mikono. Nilimpiga mwenzangu Mzee Kuang kofi lisilokusudiwa. Akasema, "Asante, sasa nimepata joto."

3. Pua. Kila mmoja ana mwenzake wa kumkagua pua na masikio, asije akaganda bila kujua. Wangu ni huyo Kuang. Juzi akapiga yowe, "Nyeupe! Pua ya Luan imekuwa nyeupe!" Kina mama wote wakanivamia. Mmoja alitaka kuisugua kwa theluji, Dada Yin akamfokea, "Usisugue! Mpelekeni ndani, leteni maji ya vuguvugu!" Nilipozamishwa pua bakulini ndipo ilipobainika kuwa ni unga. Asubuhi hiyo nilikuwa nakunja jiaozi, vile viandazi vya nyama. Hakuna aliyeniomba radhi, na jiaozi wakazila.

4. Nilipotaka kuwaonyesha jinsi tulivyoteleza mtoni ujanani, Dada Yin alipuliza filimbi. "Kama unataka kuvunja nyonga, kavunjie kwako!" Akanivisha mipira yenye meno chini ya viatu. Nilisahau kuivua, nikaingia nayo nyumbani. Sakafu yangu sasa inafanana na shamba la viazi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Zamani kila baridi ilipoingia nilikuwa na kikohozi kizuri, cha kuaminika. Binti yangu Xiaohe alikuwa akija kutoka Dalian, ananichemshia mapeari kwa sukari, ananifunika blanketi, ananigombeza. Mwaka huu sina kikohozi. Alipopiga simu alisema, "Baba, sauti imekuwa ya kijana! Basi safari hii sitakusumbua." Nikajitahidi kukohoa. Akacheka hadi akapaliwa. "Kikohozi hicho umekinunua sokoni?" Nilikata simu, nikakaa nikiutazama mlango.

Kwa hiyo naomba Kamati imwamuru Dada Yin aniache niugue kwa amani. Ikishindikana, nipewe cheti chenye muhuri kwamba mimi ni mgonjwa sana, nakala apelekewe Xiaohe. Ikishindikana kabisa, naomba majira ya baridi yahamishiwe mji mwingine.

Nisalimie mkeo, mama mkwe, na wote wa ofisini wanaokaa karibu na hita.

Wako katika uonevu,
Luan Chengye

Tanbihi: Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nafunga bahasha Dada Yin alipogonga. Amesema upepo umekuwa mkali, unakata masikio, mazoezi yamefutwa! "Rudi ndani, Mzee Luan, ukanywe chai." Ndani! Mimi! Nimeshavaa nguo zote tatu, nimeshazungusha mikono! Nimempigia Xiaohe kumshtakia kwamba nimezuiwa kuruka na wenzangu, akasema, "Baba, nakata tiketi. Lazima nikuone ukiruka." Sasa nitarukia wapi? Chana yote yaliyo hapo juu, utufungulie ukumbi wa Kamati asubuhi hii hii. Usijisumbue kujibu kwa maandishi. Huyo anayegonga mlango wako sasa ni mimi, na anayekagua pua yangu ni Kuang.