Dirisha la Pampu ya Mafuta

Jumatatu, 9 Juni

Siku tano zimebaki. Ijumaa mikataba yetu ya miezi mitatu inakwisha, na Madam Hibo ana nafasi moja tu ya kudumu. Sisi ni wawili: mimi na Shiundu. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Mashine tunayoitengeneza ni ya kupima mafuta ya kupikia dukani. Mteja anabonyeza, anatazama skrini, mafuta yanashuka kwenye chupa yake. Karakana yetu iko Tassia, orofa ya kwanza, juu ya duka la misumari. Ijumaa saa nne atakuja Mama Nabiswa, mwenye maduka tisa. Akiipenda, atachukua tisa.

Shiundu ameandika programu ya skrini. Mimi nimeandika ya pampu, na zaidi ya hayo kiendeshi cha kidhibiti, yaani programu inayoiamuru ile chipu ya katikati. Bila mimi hakuna kitu. Naandika hivi kwa unyenyekevu. Chipu hiyo ni kama keateka wa ploti, yule msimamizi wa jengo la wapangaji: kompyuta ikitaja anwani, yeye ndiye anayejua ni mlango wa nani. Anajua kwa sababu nimempa madirisha. Kila dirisha lina mwanzo, lina ukubwa, lina mwenyewe. Anwani ikiangukia ndani ya madirisha mawili, lenye namba ndogo ndilo linaloshinda. Pampu nimeipa dirisha namba sifuri. Skrini nimeipa namba moja. Si upendeleo. Ni mpangilio.

Leo Shiundu alijaribu kujipimia dirisha mwenyewe. Alitaka ukubwa wa ishirini, yaani megabaiti moja, akaandika ishirini! Nilicheka mpaka Mumin, fundi wetu wa mabomba, akaja kuuliza nani ameumia. Ukurasa wa 212 wa kitabu cha chipu unasema wazi: andika moja pungufu. Ukitaka ishirini, andika kumi na tisa. Kila namba ikipanda moja dirisha huongezeka mara mbili, kwa hiyo ukiandika ishirini unapata mara mbili ya ulichotaka. Nilimweleza polepole, kama mtoto wa chekechea. Akasema asante sana, injinia. Ana tabia mbaya ya kushukuru.

Jioni mama alipiga simu kutoka Wamunyu, akauliza kama kazi imethibitishwa. Nikasema ndiyo. Si uongo. Ni habari iliyotangulia kidogo.

Jumanne, 10 Juni

Mama ameliambia kanisa zima. Jumapili watatoa shukrani. Baba, ambaye huchonga twiga wa mbao na hajachinja chochote tangu Krismasi, amechagua mbuzi. Mbuzi ameshafungwa nyuma ya nyumba.

Jambo la pili: nguo. Blauzi inayofaa Ijumaa ninayo moja tu. Kwetu Kware jengo lina orofa nane na kamba za nguo ziko juu ya paa, na kwa baridi hii ya Juni nguo hukaa siku mbili kabla ya kukauka. Nilipanda saa kumi na mbili asubuhi. Kamba yote imejaa blanketi za Mama Ayuma wa chumba 704. Blanketi saba! Nani ana vitanda saba Kware?

Kazini, Shiundu amemwonyesha Madam ua la alizeti linalozunguka kwenye skrini mashine inapomsubiri mteja. Madam alitabasamu. Sijawahi kumwona akilitabasamia dirisha. Shiundu akasema angependa kuongeza maua mengine, halafu akaniuliza kama ile nafasi tupu kati ya anwani za pampu na za skrini ina mwenyewe. Nikasema nitaangalia.

Sitaangalia.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa juu ya paa. Nguo ilikuwa moja, lakini nilibana vibanio kumi na moja, kutoka nguzo hadi nguzo. Kila mtu katika ploti anajua sheria: kibanio kikiwa kwenye kamba, pana mwenyewe. Mama Ayuma alifika na beseni kichwani, akasimama, akavihesabu kwa kidole. Akaniuliza kama kamba nimeiposa. Nikamwambia nguo nyingine ziko njiani. Akasema hata bibi harusi huonekana siku moja, akashuka na beseni lake.

Nilikuwa nikiteremka ngazi wazo liliponijia. Pampu inatumia anwani chache sana. Baada yake pana uwazi mkubwa mpaka pale skrini inapoanzia, mwisho wa megabaiti ya kwanza. Uwazi huo ndio Shiundu anaoutaka kwa maua yake. Sasa, dirisha la pampu likipanuliwa hadi kizingiti cha skrini, nani ataumia? Hakuna. Ni vibanio tu.

Saa tatu asubuhi nilifungua faili, nikafuta kumi na tano iliyokuwepo, nikaandika ishirini. Pembeni nikaandika maelezo: "Akiba kwa matumizi ya baadaye ya pampu." Kazi ya dakika mbili. Nikanywa chai kwa amani.

Mchana skrini ya Shiundu ikazima. Nyeusi tii! Amekaa mbele yake ameshika tama. Pampu ilikuwa ikigonga tk, tk, tk, lakini tangi ni tupu, kwa hiyo sikujali. Sikumfanyia lolote. Nimebarikiwa tu.

Alhamisi, 12 Juni

Shiundu amepitia programu yake yote mara tatu. Hajala. Aliniomba tuitazame pamoja, akasema macho yake yamechoka na yangu ni makali. Nikasema ningependa sana, ila siwezi kuingilia kazi ya mtu.

Kisha nikaingia kwa Madam Hibo kumweleza, kwa masikitiko, kwamba skrini huenda isiwe tayari kesho, lakini pampu iko sawa, na mimi pia nipo. Madam huzungumza huku akiandika. Aliuliza kama madirisha yameguswa wiki hii. Nikasema yako katika hali nzuri. Akauliza tena: yameguswa au hayakuguswa? Nikasema yameboreshwa. Akaweka kalamu chini. Akasema kwao mtu akiulizwa kama ngamia wake wamekunywa maji, hajibu kwamba wamependeza. Bahati njema simu yake ikalia.

Mumin naye amejifanya injinia. Anasema kila Shiundu akijaribu kuandika neno kwenye skrini, pampu inagonga. Nilimkumbusha kwamba mabomba ni yake na programu ni zetu. Akasema sawa dada, lakini masikio ni ya kila mtu.

Blauzi bado mbichi. Mama Ayuma hakugusa hata kibanio kimoja. Ametundika blanketi zake kwenye kamba ya pili, upande wa jua. Blauzi yangu imekaa kivulini siku nzima, peke yake, katikati ya kamba yangu ndefu.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilivaa blauzi ikiwa na unyevu mabegani. Mama Nabiswa alifika saa nne kasoro dakika tano, amevaa viatu vipya vya ngozi laini, rangi ya maziwa. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Mumin alikuwa amejaza tangi lita ishirini na kuligeuza bomba limwelekee mgeni, kwa heshima. Skrini ilikuwa bado nyeusi. Shiundu akamwomba mama radhi, akasema hii mashine imelala kidogo, ataiamsha kwa salamu. Akaandika KARIBU MAMA NABISWA. Akabonyeza.

Skrini haikusema kitu. Pampu ndiyo iliyosema.

Kwa kila herufi, mmwago mmoja. K, mafuta. A, mafuta. Mama Nabiswa alimwita mama yake kwa Kibukusu lakini hakusogea, nadhani kwa mshangao. Swichi iko nyuma ya tangi, na Mumin aliteleza mara mbili kabla ya kuifikia. Alipofika salamu ilikuwa imekwisha. Anasema alihesabu mimwago kumi na tisa, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Kumi na tisa! Hata pampu ilikuwa ikinisomea ukurasa wa 212.

Shiundu aliomba kuona faili yangu. Ningekataaje mbele ya mgeni? Akaiangalia kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa tumeandika ishirini. Tumeandika! Sijawahi kutukanwa hivyo. Dirisha la pampu lilikuwa kubwa mara mbili ya nilivyokusudia. Lilipita kizingiti, likaimeza skrini nzima, na kwa kuwa ni namba sifuri, likashinda. Kila herufi iliyotumwa kwa skrini ilipelekwa mlango wa pampu. Na pampu ikiguswa inamwaga. Haijui kusoma.

Faili huhifadhi jina la aliyebadilisha na saa. Madam aliyasoma. Kisha akasoma na maelezo yangu kwa sauti: akiba kwa matumizi ya baadaye ya pampu. Akauliza pampu ina mipango gani ya baadaye. Mumin alitoka nje kucheka. Tulimsikia.

Shiundu akarudisha kumi na tano. Ua la alizeti likaanza kuzunguka. Mama Nabiswa, miguu ikiwa juu ya gazeti, alibonyeza mwenyewe, akapata kipimo kimoja safi kwenye chupa. Akasema ameona mashine nyingi za kubembelezwa, hii angalau ina moyo wa kutoa. Atachukua mbili kwanza, si tisa. Na viatu.

Nafasi ya kudumu amepewa Shiundu. Mimi nimeongezewa mwezi mmoja, chini yake. Sitagusa dirisha lolote mpaka aone. Madam aliyasema haya huku akinitazama, bila kuandika. Shiundu akanipa mkono, akasema karibu kwenye timu. Mimi, niliyemfundisha kutoa moja!

Jumapili, 15 Juni

Mama alipiga simu baada ya ibada. Mbuzi ameliwa. Nilisikia vigelegele nyuma yake. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli, na nilianza vizuri: nilisema kuna mtu amewekwa kuniangalizia kazi. Mama akageuka akawatangazia akina mama wa kanisa kwamba nimepewa msaidizi. Vigelegele vikarudi mara mbili. Baada ya hapo ungesema nini?

Nimenunua vibanio dazeni moja zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari kwa kina mwisho wa wiki, na nimejikosoa bila huruma. Kosa letu lilikuwa moja, nalo ni la kutoa. Wazo lenyewe halikuwa na dosari.

Leo Shiundu amekwenda soko la Muthurwa kutafuta viatu vya Mama Nabiswa. Ni kazi ya asubuhi nzima, na wafanyakazi hawawezi kusimama wakimngoja mtu anayenunua viatu. Kwa hiyo nimesogea mbele. Nilikumbuka kwamba baada ya anwani za skrini pia kuna nafasi tupu, kubwa zaidi, na mtu wa maua ataifikia tu. Nimeweka huko dirisha jipya la pampu, megabaiti nne, kuanzia mwisho wa megabaiti ya pili. Nimelipatia namba moja, nikaisogeza skrini iwe namba mbili. Ni mpangilio. Ukubwa nimeuandika moja pungufu na nimeukagua mara tatu. Ukurasa wa 213 unaeleza namna ya kuchagua mwanzo wa dirisha, na kwenye yaliyomo unaitwa "Mwanzo usiogawanyika kwa ukubwa wa dirisha hurudishwa nyuma", lakini sikuufungua, maana kosa letu lilikuwa ukurasa wa 212.

Kamba ya juu ya paa sasa ina vibanio ishirini na tatu. Blauzi bado iko kwenye beseni, ina mafuta.

Saa tano. Mumin amekuja kusema skrini imezima tena, na pampu inagonga tk, tk, tk.

Bila shaka Shiundu.