Kibao cha Njia Panda ya Wickcombe

Jumatano, 6 Mei
Wageni wamefurika Wickcombe. Wanapiga picha mapaa yetu ya nyasi, wanapanda vilima vya kondoo, wanashuka na njaa ya simba. Kisha wote wanakwenda kunywa chai kwa Bi. Peverell, upande wa kanisani. Kwetu, karibu na kinu cha maji, meza tupu. Skonzi za mke wangu Muriel nazimaliza mimi. Suruali hazifungi tena. Muriel anasema tukiendelea hivi, kabla ya mavuno tutafunga mgahawa. Nikamwambia asihofu, ana mume. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Alhamisi, 7 Mei
Nimegundua siri ya Bi. Peverell. Si chai. Ni kibao cha njia panda kule kilimani, kinawaelekeza watu kwake. Nimekigeuza. Sasa kinaonyesha kijia cha mtoni, kinachopita mlangoni kwetu. Spana nikairudisha mfukoni.

Jumamosi, 9 Mei
Wamekuja! Kundi zima, mabuti na fimbo. Nikavaa tai. Wakaketi, wakafungua mikoba, wakatoa mikate yao ya jibini. Wakaomba maji ya bomba, na choo. Muriel akawaonyesha choo.

Jumapili, 10 Mei
Mvua ilinyesha usiku kucha. Kijia cha mtoni ni tope tupu. Shemeji Enid, dada yake Muriel, alikuwa anakuja kwa miguu kutoka kituo cha treni. Chakula kikapoa, hajafika. Nikatoka kumtafuta. Nikamkuta amezama hadi magotini, ananiuliza tangu lini kibao kinawapeleka watu mtoni. Nikamkimbilia, nikazama zaidi yake. Mzee Hobday, mkulima jirani, akatuvuta kwa trekta. Nikamwambia kibao kimegeuzwa na upepo. Akasema, "Basi upepo wa mwaka huu unatembea na spana."
Akatushusha penye moto wa karibu: kwa Bi. Peverell. Shemeji alikula skonzi nne. Nyumbani akamwambia Muriel, "Dada, zako tamu, lakini zile ni balaa." Aliposimulia ya kibao, Muriel akaiweka spana mezani, mbele yangu.

Jumatatu, 11 Mei
Nimekirudisha kibao, Muriel amesimama nyuma yangu. Kisha kuomba radhi. Bi. Peverell alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe meza zake hazitoshi, watu anawarudisha. "Nilidhani mmefunga, baba. Hamna hata kibao mlangoni." Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 13 Mei
Meza zote zimejaa. Bi. Peverell ametundika ramani ya vijia kwenye lango la kanisa, na mgahawa wetu umo. Mama muungwana. Nimemwahidi Muriel sitagusa kibao tena maishani, na ahadi ni deni.
Jioni nikaenda kuitazama hiyo ramani. Nyumba ya Bi. Peverell imechorwa kubwa kuliko yetu.
Imechorwa kwa penseli, na kifutio ninacho.