Kundi Langu la Wasapu na Masikio ya Nayra

Jumatatu, 1 Septemba

Wamempa Saturnina! Si mimi. Saturnina Colque, muuza mikate!

Kituo cha afya kimeanzisha kundi la wasapu la wazazi: siku za chanjo, unga wa uji wa bure wa watoto, vyeti vya kuzaliwa, madaktari wanaopita. Walitaka msimamizi. Nina duka. Nina simu yenye kamera mbili. Nilikwenda kikaoni nimevaa koti la harusi yangu. Nesi Grover akasema eti akina mama wanaipenda sauti ya Doña Saturnina. Sauti! Kwani tunachagua mwimba kwaya?

Nimemwambia mkwe wangu Basilia ajitoe kwenye kundi hilo mara moja. Akasema ni kwa ajili ya binti yake, Nayra. Nikamwambia Nayra ana babu. Amejitoa, lakini supu ya leo ameikoroga kwa hasira. Mwanangu Rubén, mumewe, angekuwa hapa angemtuliza, ila yuko Buenos Aires anashona suruali za watu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeanzisha kundi langu! “Watoto Kwanza na Don Anacleto.” Picha: mimi, koti, mlima nyuma yangu. Anayejiunga anachaji simu bure dukani. Wamejaa.

Habari nitazipata wapi? Nimenunua laini ya pili na kuingia kwa Saturnina kwa jina la Mama Mapacha. Yeye akitangaza, mimi nanakili. Akili ni mali.

Ujumbe wangu wa kwanza wa sauti: dakika saba, juu ya chanjo na surua iliyonipata utotoni. Mzee Ponciano akajibu akiuliza nani kamwona lama wake wa kahawia, yule mnyama wa kubeba mizigo. Wote wakamjibu yeye. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nilipona.

Ijumaa, 5 Septemba

Habari kubwa kwenye kundi la Saturnina. Alhamisi ijayo anakuja daktari wa masikio ya watoto, na gari lake, pale shuleni. Huja mara moja tu kwa mwaka. Atakayeonekana ana shida atapewa kifaa cha kusikilizia bure. Vifaa ni vichache, na majina yanafungwa siku hiyohiyo.

Nilipoinakili kundini kwangu, Basilia aliisoma akakaa chini. Nayra ana mwaka na nusu, ukimwita hageuki. Siku zote nimesema ni nywele. Kwetu mtoto hakatwi nywele mpaka apate msimamizi wa kumkata kwa sherehe, na mimi namngoja Diwani Limachi. Diwani mzima akimkata mjukuu wangu nywele, nani tena atanidharau? Sasa mwaka unakwisha hajajibu, na nywele zimemfunika mtoto masikio kama kondoo. Zikikatwa atasikia hata panya wakinong'ona.

Basilia akasema juzi sufuria ilianguka nyuma ya mtoto na hakushtuka, na hakuna nywele zinazozuia kishindo cha sufuria. Anapenda ubishi. Haya, Alhamisi tutakwenda.

Jumapili, 7 Septemba

Aibu! Mbele ya kundi zima Saturnina kamuuliza Mama Mapacha mapacha wake wanaitwa nani. Nilibabaika. Nikaandika: Anacleto na Anacleta.

Hata hakunitoa. Alisema mwacheni mama wa watu, mapacha nao wanahitaji chanjo. Baada ya misa wanawake walinizunguka wakaniuliza maziwa yanatoka ya kutosha? Kama nina haya ya kunyonyesha hadharani? Padri naye alicheka. Nilimwona.

Nitalipiza.

Jumanne, 9 Septemba

Jana niliwatangazia watu wangu kwamba unga wa uji wa leo utagawiwa dukani kwangu, si shuleni. Nilitaka Saturnina asimame peke yake na magunia yake.

Walikuja alfajiri, watoto mgongoni, baridi ya kukata masikio. Uji hakuna. Wakaanza kunitazama. Kisha Saturnina akatokea na gunia begani, akagawa palepale mlangoni kwangu, akaondoka bila kunisema. Afadhali angenitukana! Wema wa namna ile ni matusi ya watu wenye hila.

Hakuna aliyenunua hata kiberiti.

Jumatano, 10 Septemba

Leo alitaka kunitega. Asubuhi katuma sauti kwenye kundi lake: eti kesho madereva wanafunga barabara, kwa hiyo daktari wa masikio anakuja leo, saa nane mchana.

Nilicheka peke yangu. Kufunga barabara! Kisingizio rahisi kuliko vyote, nchi hii kila wiki kuna mawe njiani. Anataka niwahangaishe watu wangu bure kama jana. Mchezo huu mimi ndiye fundi wake! Sikunakili neno. Basilia aliuliza kama kuna jipya. Nikamwambia hakuna, akaenda shamba la juu kupanda maharage, mtoto mgongoni.

Saa tisa lilipita gari jeupe. La wanasiasa, bila shaka.

Saa kumi Saturnina kaja kugonga mlango. Alimsimamia Rubén ubatizo, kwa hiyo huniita kumpadre, hata akiwa na nia mbaya. “Kumpadre, fungua! Basilia yuko wapi? Nayra anangojwa!” Nililala nyuma ya magunia ya unga. Kumtumia mtoto mdogo ili anicheke usoni! Aligonga mpaka mbwa wakachoka kubweka.

Alhamisi, 11 Septemba

Barabara imefungwa kweli.

Basilia alimwogesha mtoto, akambeba kwa kitambaa kipya. Shuleni alimkuta mfagizi. Daktari alikuja jana, akasubiri mpaka jua linazama kwa sababu Saturnina alisimama mbele ya gari akikataa liondoke. Majina yamefungwa. Mwakani, labda. Nesi Grover kasema mwaka huu ndio wa mtoto kujifunza maneno.

Basilia alirudi akaniuliza kama niliuona ujumbe. Nikasema mtandao ulikuwa mbaya. Akachukua simu yangu, akamfungua Mama Mapacha, akausikiliza wote, mpaka mwisho. Aliiweka simu mezani taratibu. Nilijisikia vibaya sana, nakiri.

Lakini kama Saturnina angekuwa mtu wa kuaminika, si ningemwamini?

Jumamosi, 20 Septemba

Wamemkata Nayra nywele bila mimi! Aliyemsimamia: Saturnina. Nimeyapata kwa Mzee Ponciano, ambaye lama wake amepatikana na sasa ana muda wa umbea.

Anasema kila aliyealikwa alikata kishungi, akakiweka sahanini. Mtoto akabaki kichwa kitupu, masikio nje. Basilia akachukua sufuria, akasimama nyuma yake, akaiachia sakafuni. Watu wote waliruka. Nayra aliendelea kucheza na utepe.

Ponciano kasema hakuna aliyekula baada ya hapo. Nilimuuliza kama Diwani Limachi alikuwepo. Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jumapili, 21 Septemba

Kesho Basilia anahama. Anakwenda mjini kwa binamu wa Saturnina, awe anapanga foleni hospitalini kila alfajiri mpaka wamwone mtoto. Rubén alipiga simu. Hakuomba kuzungumza nami.

Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Laini mbili hazitoshi. Nimenunua ya tatu, na kundi jipya liko tayari: “Masikio ya Nayra na Don Anacleto.” Picha: mimi, koti, bila mlima. Wote wanakaribishwa isipokuwa mmoja.

Basilia aliponiachia mtoto ili afunge mizigo, nilirekodi ujumbe wa ufunguzi. Dakika tisa. Nimesema juu ya upendo wa babu, na hila za wauza mikate. Kwenye maneno mazito nilipiga ngumi mezani. Nayra alikaa sakafuni, mgongo kwangu, akipanga punje za mahindi. Kichwa kitupu, masikio wazi. Hakutikisika, hakugeuka, hakunikatiza hata mara moja.

Hatimaye! Mtu mmoja katika nyumba hii anayejua kunisikiliza.